Shangazi, kila kichekesho ninachoweka kinazima sebule

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nimeifuta mara tatu kwa sababu kila nikiisoma naona aibu. Wenzangu wanakuandikia kuhusu ndoa zinazovunjika, mimi nakuandikia kuhusu vipindi vya runinga. Lakini limenikaa kooni na sina mwingine wa kumwambia asinicheke. Au acha anicheke, angalau mtu mmoja atakuwa amecheka.

Nina miaka 43. Ninaishi na mume wangu, binti yetu wa miaka 15, mvulana wa miaka 9, na mama mkwe wangu ambaye yuko nasi mwaka wa nne sasa. Mimi nina kazi. Mume wangu alikuwa nayo hadi miezi minane iliyopita, walipopunguza watu na jina lake likawamo. Tunamudu kwa mshahara wangu, si hilo lililonileta kwako.

Mume wangu ni mtu wa kucheka, na hilo ndilo nililompendea. Akicheka anapiga paja, anainuka anazunguka kiti, anarudi kuketi akifuta machozi, halafu anaanza kukusimulia kile kile ambacho umekiona kwa macho yako mwenyewe. Watoto walikuwa wakimwigiza. Tangu alipoletewa barua ile sijamwona akizunguka kiti. Jioni anakaa mbele ya taarifa ya habari. Ikiisha anahamia chaneli nyingine yenye habari zile zile, kisha filamu za wauaji hadi usiku wa manane. Haongei vibaya na mtu. Haongei tu.

Basi nikapanga kwamba Ijumaa usiku itakuwa ya vichekesho, sote sebuleni, simu kando. Nikatafuta mtandaoni vichekesho vya kuinua moyo. Yanakuja majina mia, na kila mtu anaapa kwa chake.

Ijumaa ya kwanza niliweka kile cha wafanyakazi wa ofisini na bosi wao asiyejitambua. Nilisoma kwamba ni miongoni mwa vile bora kabisa. Dakika ya kumi mama mkwe akauliza, "Mbona wanamdhalilisha yule kijana na hakuna anayemtetea?" Nikamweleza kwamba huo ndio mzaha wenyewe. Akasema, "Ahaa," akarudi kwenye ufumaji wake. Unajua tena, mzaha ukishaelezwa umekufa.

Ijumaa ya pili niliweka cha vijana marafiki wanaoishi pamoja. Humo tulifika kwenye mazungumzo ya kitandani kabla hata jina la kipindi halijatokea. Binti akaangalia dari, mvulana akauliza swali, mama mkwe akagundua ghafla kwamba ana usingizi.

Ya tatu ndiyo inayoniuma. Kila orodha niliyosoma ilikitaja kipindi hicho, eti kimejaa upendo, eti kitakuponya. Sikusoma kinahusu nini, sikutaka kujiharibia. Kumbe kinaanza na familia tajiri inayonyang'anywa kila kitu. Watu wanaingia ndani wanabeba mali, baba mwenye nyumba amesimama hana la kufanya. Mume wangu alitazama kama dakika tano. Akasema taratibu, bila hasira, "Haya ndiyo ya kunichekesha?" Akaenda kulala. Nikabaki na rimoti mkononi kama mtu aliyekutwa na kisu.

Tangu hapo nimejaribu Ijumaa nne nyingine. Sasa nakitazama kipindi mwenyewe kwanza, kazini, wakati wa mapumziko, na nina daftari ninaloandika kinafaa au hakifai. Jioni kikianza siangalii runinga, naangalia uso wa mume wangu. Akitabasamu kidogo moyo wangu unaruka. Akichukua simu najilaumu. Juzi aliniambia, "Usijisumbue, weka unachotaka," na mimi nikasikia kama amenifungia mlango.

Kuna jingine nataka kukuungamia. Usiku wakishalala nakaa jikoni na simu, spika masikioni, natazama The Golden Girls, wale wanawake wanne wa makamo wanaoishi nyumba moja. Vipindi vyote nilishaviona, narudia tu. Nacheka hadi naziba mdomo kwa kiganja. Nikimaliza najiona kama mwizi. Mwenzangu yuko chumbani macho kwenye dari, mimi nacheka jikoni! Wiki iliyopita binti yangu alikuja kunywa maji akanikuta. Akauliza, "Mama, unacheka nini?" Nikaizima simu, nikamwambia si kitu, nenda kalale.

Dada yangu ananiambia niache, mwanaume aliyekosa kazi aachwe apumue. Rafiki yangu wa kazini ananiambia niendelee, kicheko ni dawa. Nifuate lipi? Na kama ni kuendelea, nisaidie jina moja tu la kichekesho kitakachomfaa bibi wa miaka 76, mtoto wa miaka 9, na mtu aliyesahau kucheka.

Ni mimi,
Mshika Rimoti

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole.

Aibu iweke kando. Mambo mengi ya nyumba hupitia kwenye runinga yakijifanya ni habari za vipindi. Nimekuelewa hivi: una nyumba iliyonyamaza, una mtu mmoja ambaye kicheko chake ndicho kilichokuwa kikiiwasha, na umejitwika kazi ya kukisaka kicheko hicho kila Ijumaa kwa rimoti. Unaniuliza uendelee au uache, na unaniomba jina moja. Yote mawili nitayafikia, ila si kwa mpangilio wako.

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya pili nilishika kalamu nikatafuta mahali ulipocheka wewe. Nimehesabu Ijumaa saba. Umenieleza mama mkwe alisema nini, binti aliangalia wapi, mvulana aliuliza, mume aliinuka baada ya dakika ngapi. Wewe humo hucheki. Hata kipindi chenyewe hukitazami, umekiri mwenyewe. Kicheko chako kimoja tu nimekiona, nacho kiko jikoni, kimezibwa kwa kiganja, na alipotokea mtu wa kukiulizia ukakizima.

Sikulaumu. Nataka tukitazame pamoja, kwa sababu naona umekiweka kwenye fungu la makosa na sina hakika kama ndipo mahali pake.

Hebu jiweke kwenye kiti cha mumeo. Ni Ijumaa usiku, mko watano sebuleni, na pembeni yako kuna macho mawili yanayokusubiri ucheke. Nani anaweza? Mtoto mchanga mwenyewe ukimkodolea macho ukingoja atabasamu, anageuza shingo. Mumeo akicheka atakuwa amekulipa, asipocheka atakuwa amekunyima, na mtu ambaye tayari anajiona anadaiwa na nyumba nzima hataki deni jipya. Ile "weka unachotaka" uliyoisikia kama mlango unafungwa, mimi nimeisoma nikasikia kitu kingine. Labda ni mlango kweli. Sauti yake unaijua wewe. Lakini labda alimaanisha neno kwa neno: weka unachokitaka wewe. Umewahi kumjaribu kwa kufanya hivyo hivyo?

Kulikuwa na mwanasayansi Mmarekani, Robert Provine, aliyechunguza kicheko kwa miaka mingi, na mengi aliyapata kwa kuwasikiliza watu huko huko wanakopiga soga badala ya kuwafungia maabara. Alikuta kwamba watu hucheka takriban mara 30 zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao bila hata runinga au redio ya kuwaliwaza. Lakini jambo lake lililonikaa mimi ni jingine. Alipoyachambua maneno yaliyosemwa kabla tu ya watu kucheka, aliona ni kama asilimia 10 hadi 20 tu yaliyofanana na mzaha. Yaliyobaki yalikuwa maneno ya kawaida kabisa, kuagana, kuulizana hali, kumtaja fulani anayekuja. Watu walikuwa wakichekeana. Sasa mkumbuke mumeo akizunguka kiti na kuwasimulia upya kitu mlichokiona wote. Watoto walikuwa wakichekeshwa na kipindi, au na baba yao? Kama ni baba yao, basi daftari lako linapekua kabati ambalo kitu hakikuwamo.

Na hapo narudi jikoni, kwa yule binti.

Msichana wa miaka 15 anakuja mwenyewe, usiku, bila kuitwa, anamkuta mama yake anacheka, anauliza kwa nini. Nyinyi mliolea mnajua umri huo hauulizi maswali ovyo. Kwa miezi minane na yeye amekuwa akiishi katika ukimya huo. Baba haongei, mama anachungulia uso wa baba, bibi anafuma. Kisha anasikia kicheko cha kweli, anakifuata kilikotoka, na kinazimwa mbele yake. Sijui alirudi kitandani akiwaza nini. Ninachokiona ni kwamba kicheko ulichokipanga unakileta sebuleni kila wiki, na kile kilichokujia chenyewe unakificha. Ungekuwa wewe binti, ungekiamini kipi?

Kwa hiyo njia moja iliyo mbele yako ni ndogo sana: siku nyingine akija, sogea kidogo. Hatari yake ipo na nitakwambia. Kwanza, anaweza asipendezwe. The Golden Girls ilianza mwaka 1985 ikaisha 1992, nguo zina mabega kama milango, na mtoto wa leo huenda akaona ni makumbusho. Pili, yule Blanche, mmoja wa wale wanne, ana mdomo, unamjua. Utani wake mwingi ni wa chumbani, na nashuku hiyo ndiyo sehemu ya sababu uliyoizimia simu. Kuutazama na binti wa miaka 15 kuna namna yake, na kuutazama mbele ya mama mkwe ni jambo ambalo hata mimi ningelifikiria mara mbili, ingawa kwa Sophia, yule bibi asiyechuja maneno, angepata rafiki mle ndani. (Mchekeshe binti kwa hili: Estelle Getty aliyemwigiza Sophia, mama mtu, alikuwa mdogo kwa zaidi ya mwaka mmoja kuliko Bea Arthur aliyeigiza bintiye. Uzee wote ule ni wigi na vipodozi.)

Kuhusu kujiona mwizi, nakuuliza tu. Umeiba cha nani? Kama mumeo angekuwa anaumwa mguu, ungeona hatia kwa kutembea? Huenda utasema ndiyo, wapo wanaoona hivyo, na hisia haibishaniwi. Lakini ipime. Yeye hajakukataza kucheka. Katazo hilo umejiwekea mwenyewe, na tangu ulipojiwekea hakuna mtu mzima anayecheka waziwazi katika nyumba yenu.

Haya, tuje kwenye vipindi, maana hilo ndilo uliloniuliza na nisingependa kulikwepa. Neno "kuinua moyo" linapotosha wengi. Watu wanalitumia kwa kila kichekesho kilichowafurahisha, na vichekesho havifanani. Waliotengeneza Seinfeld walikuwa na kanuni yao: hakuna kukumbatiana, hakuna kujifunza. Ni kipindi cha kuchekesha mno, na hakikuahidi kumwinua mtu moyo. Vile vya ofisini viitwavyo The Office, cha Uingereza cha 2001 na cha Marekani kilichofuata 2005, vinachekesha kwa kukufanya uone haya kwa niaba ya mtu mwingine. Ukiwa na nguvu zako utafurahi. Ukiwa umetoka kuambiwa na ofisi kwamba huhitajiki, kutazama bosi akimdhalilisha mfanyakazi ni kazi nzito.

Mama mkwe wako ndiye aliyesema jambo la maana kuliko orodha zote ulizosoma. "Mbona hakuna anayemtetea?" Mimi sijawahi kupata kipimo kizuri zaidi ya hicho. Tazama kipindi cha kwanza, mtafute mnyonge wao, yule wa kuchekwa, kisha angalia kama kuna mtu upande wake. Abbott Elementary, kilichoanza mwaka 2021, kina mkuu wa shule mvivu na walimu waliochoka katika shule ya msingi isiyo na fedha, na karibu kila mara mzaha unaishia kwa mwalimu kumbeba mwenzake. Quinta Brunson aliyekibuni ni mtoto wa mwalimu wa chekechea, na inaonekana. Kila kipindi ni dakika ishirini na kitu. Parks and Recreation nacho kiko kundi hilo, ila msimu wake wa kwanza wa vipindi 6 bado ulikuwa haujajipata. Wengi wanaomshauri mtu humwambia aanze wa pili, nami naungana nao.

Utaona sijasema kichekesho kinachoinua moyo ni kile kisicho na huzuni. Ukichuja kila chenye huzuni utabaki na matangazo ya sabuni. M*A*S*H, kichekesho cha Marekani, ilikaa miaka 11 katika hospitali ya vita, na watengenezaji, waliolazimishwa kubandika vicheko vya mashine, walikubaliwa angalau visibandikwe kwenye chumba cha upasuaji. Na hicho cha Ijumaa ya tatu, nadhani nakijua. Kama ni Schitt's Creek ya Kanada, orodha hazikukudanganya. Mwaka 2020 kilichukua tuzo zote 7 kuu za Emmy upande wa vichekesho, na hadi mwisho familia ile iliyofilisika imejifunza kupendana kwa namna ambayo utajiri haukuwapa nafasi. Ila wanaanza wakiwa watu wasiopendeza, na joto lenyewe linachelewa. Dakika tano za kwanza ni za kunyang'anywa tu.

Lakini niruhusu niitazame Ijumaa ile kwa upande mwingine. Wewe umeiandika kama ajali. Mimi nimeona kwamba sentensi pekee mbili za mumeo zilizomo kwenye barua yako ni ile ya usiku huo, na ile ya juzi. Baada ya kunyamaza miezi yote hiyo, alisema kitu. Hakupiga kelele, hakuivunja rimoti. Aliona kwenye kioo mwanaume aliyesimama huku vyake vikibebwa, akauliza swali. Nani alimjibu? Sijui kama katika nyumba yenu neno "kazi" hutajwa siku hizi, au mnalizunguka kama shimo. Inawezekana kilichomuuma ni kipindi. Inawezekana pia kilichomuuma ni kwamba runinga imetaja waziwazi kitu ambacho watu wanne anaokaa nao wanajifanya hawakijui. Siku moja, bila runinga, unaweza kumuuliza alichokiona. Anaweza kukataa kujibu. Anaweza kujibu kwa maneno mazito kuliko ulivyojiandaa, na hiyo nayo ni hatari, kwa hiyo usiulize ukiwa na haraka ya kwenda kulala.

Jina moja la kuwafaa wote watano sina. Bibi wa miaka 76 na mtoto wa miaka 9 na binti na baba wasiotaka kuonekana wanafurahia, ukiwatafutia kitu kimoja utapata kile ambacho hakuna anayekichukia, na kitu cha namna hiyo kwa kawaida hakuna anayekicheka. Labda wagawe. Mvulana na bibi wanaweza kuwa timu: Mr. Bean ana vipindi 15 tu na karibu haongei, hivyo hakuna wa kusoma maandishi ya chini wala wa kueleza mzaha. Hukuniambia mama mkwe anavifuata hivi kwa lugha gani. Mtu anayesoma tafsiri chini ya picha hucheka sekunde mbili baada ya wenzake, na kicheko cha kuchelewa hujisikia upweke. Mpe kitu kwa Kiswahili, kama kesi za Vioja Mahakamani ya Kenya, uone kama ufumaji hautawekwa chini.

Baba na mvulana ningewaachia Bluey, katuni ya Australia ya tangu 2018 yenye familia ya mbwa, dakika 7 kila kipindi. Mvulana atasema ni ya watoto wadogo. Akishasema hivyo atakaa. Mhusika wa kumtazama ni baba mbwa, anayecheza na mabinti zake hadi anaishiwa pumzi. Dakika 7 hazimwombi mtu kitu kikubwa.

Na mumeo peke yake? Kuna kimoja ninachokifikiria, Detectorists cha BBC, misimu 3 ya vipindi 6 kati ya 2014 na 2017. Wanaume wawili mashambani na mashine zao za kutambua vyuma, wanatafuta dhahabu ya kale, wanapata vizibo vya chupa. Wanaongea kidogo, wanakaa chini ya mti. Aliyekiandika na kukiongoza, Mackenzie Crook, ndiye yule yule aliyekuwa kituko katika kipindi cha ofisini cha Uingereza; aliyechekwa alipopata kalamu yake aliandika kitu cha upole kupindukia. Lakini nikuonye kabla hujaandika "kinafaa" kwenye daftari: mmoja wa wale wawili naye yuko kwenye kutafuta kazi anayoipenda. Kwa mumeo hilo linaweza kuwa chumvi kwenye kidonda, au linaweza kuwa mtu wa kukaa naye. Ningemwambia mapema kinahusu nini na kumwachia achague. Ted Lasso kimsingi ni cha mpira na kina moyo mkubwa, ila kina talaka, kina mtu anayeshikwa na hofu hadi anashindwa kupumua, na matusi yake hayafai masikio ya miaka 9.

Dada yako na rafiki yako, naona kila mmoja ameshika upande wa kitu. Ukiacha kabisa, mumeo anapumua, lakini ukimya unakuwa desturi ya nyumba na watoto wanaukulia. Ukiendelea kama unavyoendelea, Ijumaa inageuka mtihani ambao yeye anaufeli kila wiki mbele ya mama yake mzazi. Na huyo anayesema kicheko ni dawa huenda amesikia habari za Norman Cousins, mhariri wa Marekani aliyeugua maumivu makali ya viungo mwaka 1964. Alisimulia kwamba dakika 10 za kucheka kwa nguvu, akitazama filamu za wachekeshaji Marx Brothers, zilimpa saa mbili za usingizi bila maumivu. Watu hupenda kuishia hapo. Mimi napenda kuongeza kwamba Cousins alijiagizia filamu zile mwenyewe. Alikuwa mgonjwa, na bado ndiye aliyekuwa ameshika rimoti.

Kuna jambo moja sitalipitia kwa mzaha. Mtu aliyeacha kufurahia kilichokuwa kikimfurahisha, haongei, hapati usingizi, huenda ana huzuni ya kupoteza kazi tu, na huenda ana sonona. Wataalamu huanza kuiulizia sonona pale hali hiyo inapodumu wiki mbili au zaidi, na wewe unaniambia miezi minane. Siwezi kujua kutoka kwenye barua, nawe huwezi kujua kwa kumkodolea uso. Anakula? Anaamka? Amewahi kusema kwamba hana faida tena, au kwamba mngekuwa afadhali bila yeye? Kama jibu la hilo la mwisho ni ndiyo, basi leo usitafute kipindi, tafuta daktari au mshauri, na uende naye. Kama si hivyo, bado unaweza kumwomba akaongee na mtu. Pengine atakataa mara ya kwanza. Kukataa huko si lazima kuwe jibu lake la mwaka mzima.

Ijumaa hii sijui utafanya nini, na sikuamulii. Unaweza kuiruka. Unaweza kuweka unachokitaka wewe na kukaa ukiangalia kioo, mgongo ukiwa kwa mumeo, ikibidi. Unaweza kumpa rimoti ukavumilia wauaji wake usiku mmoja.

Ikiwa utachagua kuanzia jikoni na binti, msianzie katikati kama unavyofanya ukiwa peke yako. Anzeni kipindi cha kwanza kabisa, na spika za masikioni ziache kwenye chaji. Atakuuliza kuhusu yule mpishi, Coco, alikwenda wapi, maana kipindi cha pili hayumo na hakuna anayemtaja. Sophia alipangwa awe wa kuja na kuondoka; watu walimpenda, ikabidi abaki, na mpishi akatolewa. Mweleze kwa sauti yako ya kawaida. Ulisema aliye chumbani halali mapema.